Kwa nini sikio lina mifupa mitatu, na kwa nini si kipaza sauti?

Je, wajua kwamba mifupa mitatu ya sikio la kati haiongezi nguvu ya sauti hata chembe? Wengi hufundishwa kwamba nyundo, fuawe na kikuku "hukuza sauti", na picha inayobaki kichwani ni ya kipaza sauti kilichofichwa nyuma ya ngoma ya sikio. Lakini kipaza sauti huchota nguvu kwenye umeme au betri. Mifupa hii haina pa kuchota. Nguvu inayotokea kwenye kikuku haiwezi kuizidi ile iliyoipiga ngoma. Tena kiasi fulani hupotea njiani kwa msuguano.

Basi kama hewa tayari inaitikisa ngoma, mifupa ni ya nini?

Tatizo ni majimaji. Seli zinazohisi sauti zimo ndani ya koklea, mfereji wa mfupa uliojiviringisha karibu mara mbili na nusu na kujaa majimaji. Hewa ni nyepesi na hubonyea kirahisi, majimaji ni mazito na hayabonyei. Sauti ya hewani ikigonga uso wa maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Kinachopenya ni takribani sehemu 1 kati ya 1,000 ya nishati yake. Hesabu hiyo ni ya maji yaliyo wazi. Yaliyobanwa ndani ya koklea hayana ukaidi uleule, kwa hiyo isihamishiwe sikioni tarakimu kwa tarakimu.

Kinachotakiwa, basi, ni mtikisiko mpana wenye shinikizo dogo ugeuke kuwa mtikisiko mfupi wenye shinikizo kubwa. Mtu akipita kwenye udongo laini kwa ndala, anaacha alama hafifu. Akirudi na viatu vya mchuchumio, visigino vinazama, ingawa uzito wake haujaongezeka hata gramu moja: uzito uleule umekusanywa mahali padogo. Ngoma ya sikio ndiyo ndala, yenye eneo linalotikisika la takribani milimita za mraba 55. Kisigino ni kitako cha kikuku, kinachoziba dirisha la mviringo-yai la koklea kwa eneo la milimita za mraba 3 na ushee. Hapo shinikizo hupanda kama mara 17. Mkono wa nyundo nao umezidi kidogo urefu wa ule wa fuawe, hivyo hufanya kazi ya wenzo na kuongeza kama mara 1.3. Zidisha, upate mara 22 hivi. Ni makadirio, kwani ngoma haitikisiki kama bamba gumu. Kwenye sauti nyembamba hujikunjakunja vipandevipande.

Kuna dirisha la pili, la duara, ambalo husahaulika. Kwa kuwa majimaji hayabonyei, kikuku kikisukuma ndani, utando wa dirisha hilo lazima ufure nje, la sivyo hakuna kinachosogea. Sauti ikiyafikia madirisha yote mawili kwa pamoja, misukumo huelekea kufutana. Ngoma husaidia kuzuia hilo kwa kulikinga dirisha la duara.

Hapa ndipo tiba inapovutia. Ngoma yenye tundu dogo haimfanyi mtu kiziwi. Mara nyingi hupunguza usikivu kidogo tu, na tundu jipya huweza kuziba lenyewe. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba mnyororo wa mifupa ukikatika huku ngoma ikiwa nzima, usikivu huweza kuwa mbaya kuliko ungekatika na ngoma ikiwa imetoboka: ngoma nzima inakuwa ukuta unaozuia hata ile sauti kidogo ambayo ingejipenyeza hadi koklea.

Daktari anaposhuku sikio la kati, anaweza kutumia uma wa sauti, chuma cha ncha mbili kinachovuma kikigongwa. Mgonjwa akiusikia vizuri zaidi shina lake likigusa mfupa wa nyuma ya sikio kuliko ncha zikiwa hewani mbele ya tundu la sikio, hitilafu huenda iko njiani, si kwenye koklea. Katika otosklerosisi, mfupa mpya huota na kukigandisha kikuku. Mwaka 1956 daktari Mmarekani John Shea alikiondoa kikuku na kuweka cha bandia, na upasuaji wa namna hiyo unaendelea hadi leo.

Kwa watoto, mkosaji mkuu ni mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua: kwao ni mfupi na umelala zaidi, hivyo maambukizi hupanda kirahisi na majimaji hukwama. Yasipuuzwe, kwa kuwa neva inayoendesha misuli ya uso hupita jirani kabisa, na usaha sugu huweza kuiharibu mpaka upande mmoja wa uso ukapooza. Tawi lake jingine linakatiza katikati ya chumba hicho, kati ya nyundo na fuawe, likibeba ladha kutoka mbele ya ulimi. Ndiyo maana wapo wanaofanyiwa upasuaji wa sikio wakaamka na ladha ya chuma mdomoni.