Kuunda vipande kwa mkono kwenye modeli ya helikopta: ni nini hasa?

Kwa wajenzi wa modeli za plastiki, kuunda kwa mkono ni kutengeneza kipande ambacho hakikuja ndani ya boksi, kwa kutumia malighafi ya kawaida: shiti nyembamba za plastiki, waya, foili, uzi. Hakuna kilichokatwa tayari. Mjenzi anapima, anakata, anapinda na kugundisha mpaka kishikio cha mlango au bomba la mafuta lipatikane kwa skeli inayotakiwa. Wapo wanaounda helikopta nzima kwa njia hiyo, lakini mara nyingi kazi inahusu vile vitu vidogo ambavyo kiwanda kiliviacha, au kilivitengeneza vikawa vinene kupita kiasi.

Vipande vya nyongeza vinavyouzwa madukani, vya rezini au vya shaba ya njano, ni jambo jingine, maana hivyo amekuundia mtu mwingine. Wajenzi wengi huvichanganya na vya kwao kwenye modeli moja, na hakuna ubaya.

Kwa nini kiwanda kiache kitu? Modeli hizi hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyushwa, kwa shinikizo kubwa, ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu lazima ifunguke na kipande kitoke bila kunasa, kwa hiyo tundu linaloingia kwa ubavuni au uwazi ulio nyuma ya fimbo ni shida kuupata. Plastiki nayo inahitaji nafasi ya kupita, ndiyo maana kuta za modeli hufikia unene wa milimita 1 hivi. Sasa piga hesabu: kwenye skeli ya 1/48, yaani modeli ikiwa ndogo mara 48 kuliko kitu halisi, milimita 1 ni sawa na sentimita 4.8 za helikopta halisi. Bati la aluminiamu linalofunika helikopta halifiki hata milimita 2. Ukingo wa mlango wa modeli ukiachwa ulivyo, unaonekana kama ukuta wa ghala. Kwa maoni yangu hapa ndipo kiini cha ufundi huu kilipo: kupata wembamba ni muhimu kuliko kuongeza idadi ya vipande. Anayekwangua ukingo wa mlango kwa msasa mpaka ukaribie kupitisha mwanga amefanya zaidi ya aliyejaza nyaya ishirini ndani ya kabati la injini.

Helikopta inadai kazi hii kuliko ndege nyingi za kawaida, kwa sababu mitambo yake iko nje. Chukua Bell UH-1, ile inayojulikana kama Huey, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1956 na kuwa sura ya vita vya Vietnam. Milango yake mikubwa ya pembeni huteleza kwenda nyuma, na vitani mara nyingi iliruka ikiwa wazi, kwa hiyo viti vya turubai, fremu zake za mabomba na sakafu vyote vinaonekana. Juu yake kuna kichwa cha rota, yaani kitovu cha mapanga yanayozunguka, hakina kifuniko chochote. Rota ya UH-1H ina kipenyo cha mita 14.63, kwenye skeli ya 1/48 inakuwa sentimita 30.5, na jicho la mtazamaji linakwenda hapo kwanza.

Hapo kichwani, juu ya mapanga mawili, kuna ufito uliokaa kukingama nayo, wenye uzito kila ncha. Ni ufito wa kutuliza rota, wazo la Arthur Young, aliyejiunga na kampuni ya Bell mwaka 1941. Helikopta ikiyumba, ufito ule hung'ang'ania kuzunguka kwenye usawa wake uleule, na kupitia vifimbo vidogo hurekebisha mwinamo wa mapanga. Ukishajua hivyo unajua pia cha kuunda: kila kifimbo kina kinakoanzia na kinakoishia. Kifimbo chenye unene wa sentimita 2.4 kinakuwa milimita 0.5, na waya wa shaba wa unene huo unapatikana ndani ya nyaya za umeme. Unaunyoosha kwa kuuviringisha chini ya rula ya chuma, kisha unaukata kwa urefu uliopima kwenye picha. Kiungio cha mwishoni ni kipete: waya mwembamba zaidi unaozungushwa mara moja kwenye sindano, unaobanwa kwa kibano na kushikwa kwa tone la supaglu lililochukuliwa kwa ncha ya kijiti cha meno. Tundu la kupachikia hutobolewa kwa keekee ya mkono yenye ncha ya milimita 0.5. Gundi ya kimiminika ya plastiki haifai hapa, kwa kuwa inashika kwa kuyeyusha plastiki, na chuma hakiyeyuki.

Mikanda ya viti ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Mkanda wenye upana wa sentimita 5 unakuwa wa milimita 1 hivi. Foili ya jikoni inafaa, ila foili ya madini ya risasi inalala vizuri zaidi juu ya kiti kwa sababu haina ukaidi wa kurudi ilikotoka; risasi ni sumu, basi nawa mikono ukimaliza. Bizimu hupindwa kwa waya mwembamba kama unywele. Mkanda usiulaze ukiwa umenyooka kama rula. Ulegeze, ncha moja ianguke ukingoni mwa kiti.

Kwa waya mwembamba zaidi wa antena, chukua fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande, ipashe moto juu ya mshumaa mpaka ilegee, iondoe kwenye moto, kisha ivute kwa mwendo mmoja. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba. Ukivuta taratibu, mnene.

Picha za helikopta halisi ndizo mwongozo, na si za Huey yoyote. UH-1B ina kabati fupi na UH-1H ina refu, na vifaa vilibadilika kwa miaka na kwa jeshi. Visu vya kukata nyaya za umeme vilivyowekwa puani na juu ya paa ni vya baada ya Vietnam. Ukiviunda kwenye helikopta ya mwaka 1967 umeharibu kazi nzuri.

Kabla ya rangi, modeli huonekana kama viraka: plastiki nyeupe, shaba nyekundu, foili inayong'aa. Praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, huviunganisha vyote, na hapohapo hufichua tone la gundi lililozidi na kifimbo kilichokaa upande. Ikipigwa nyembamba kabla ya vipande kufichwa ndani ya kabati lililofungwa, bado kuna nafasi ya kukwangua na kurudia.