Si kila Mendoza ni mjukuu wa kabaila

Ananijia mteja anayetaka nimtafutie nasaba, hata hajaketi, keshanitolea ngao aliyoinunua mtandaoni, imeandikwa Ave Maria. "Hii nembo ya ukoo wetu, akina Mendoza." Nimechoka nayo.

Mendoza, jina la ukoo la Kihispania, ni nisba ya mahali, yaani jina litokanalo na mahali mtu alikotoka. Asili yake ni Kibaski: mendi ni mlima, hotz ni baridi. Kijiji chenyewe kiko mkoa wa Álava, kaskazini mwa Hispania, karibu na mji wa Vitoria, na mnara wa mabwana wake ungalipo. Mabwana hao walihamia Castilla karne ya 14, wakaneemeka Guadalajara ya Hispania, wakatoa makadinali na makabaila. Antonio de Mendoza akawa naibu wa kwanza wa mfalme huko Meksiko, mwaka 1535. Hayo ni kweli. Lakini tangu lini kijiji kikawa na mabwana watupu? Mchunga kondoo aliyehama hapo naye aliweza kuitwa "de Mendoza", yaani wa Mendoza, kule alikofika.

Ng'ambo, kwenye makoloni ya Hispania, ndiko jina lilikochanganyika zaidi. Wenyeji waliobatizwa walichukua majina ya wasimamizi wao wa ubatizo, watumwa wakabandikwa ya waliowamiliki. Ufilipino, gavana Narciso Clavería aliamuru mwaka 1849 watu wagawiwe majina kutoka kwenye orodha, ili kodi na sensa zisiwatatize maofisa. Kwa hiyo jina la Kihispania huko si ushahidi wa damu ya Kihispania.

Na ngao hupewa mtu na kizazi chake, haipewi jina. Ukitaka ukoo, fuata vitabu vya ubatizo, kizazi kimoja kimoja, wala usimruke mama. Zamani ndugu wa tumbo moja waliweza kubeba majina tofauti, huyu la baba, yule la mama au la bibi. Nawaambia hivyo kila siku, nao wanarudi na ngao kubwa zaidi. Itundike sebuleni, inapendeza. Kwenye faili langu haiingii.

Wengine hudai jina limetoka mji wa Mendoza, Argentina. Kinyume chake: Pedro del Castillo aliuanzisha mwaka 1561, akaupa jina la gavana wa Chile, García Hurtado de Mendoza.

Halafu Méndez, jina jingine linalofanana nalo. Hilo ni "mwana wa Mendo", na Mendo ni jina la mtu. Mlima haumo kabisa.