Bango la taa: anza na uso, taa zitafuata

Mteja akinipigia kuhusu bango kubwa la taa, karibu kila mara anaanza hivi: "Fundi, taa gani zinawaka sana?" Mimi namuuliza vipimo. Upana, kimo, litakaa ukutani au juu ya nguzo, na jengo lenyewe liko wapi: Kariakoo kwenye mtaa uliobanana, au Masaki ambako upepo wa chumvi hauna likizo. Majibu hayo ndiyo yanayochagua uso wa bango, yaani shiti ya mbele inayopitisha mwanga wa taa zilizo ndani ya boksi, na uso ndio unaochagua taa.

Tuchukue bango la mita 6 kwa 2. Shiti ya kawaida ya akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa, ina mita 1.22 kwa 2.44, kwa hiyo uso huo hauwezi kukosa viungo, na usiku kila kiungo ni mstari mweusi unaolikata jina la biashara. Halafu akriliki hutanuka kwa joto: shiti ya mita 2.44 ikipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na jua la saa nane, inarefuka milimita 5 hivi. Ukiibana kwa skrubu pande zote bila kuiachia nafasi, inabenuka au inapasuka kuanzia kwenye tundu. Kwa herufi za kusimama na maboksi madogo naipenda sana, maana jua haliigeuzi njano upesi. Kwa ukubwa huu naiacha.

Polikaboneti ni plastiki ngumu ajabu, inafaa pale bango lilipo chini na watoto wana mawe. Lakini shiti nyingi zina kinga ya jua upande mmoja tu, na upande huo umeandikwa kwenye karatasi ya plastiki inayobanduliwa. Fundi akiibandua kwanza ndipo aanze kujiuliza upande upi utazame nje, hapo ni kubahatisha. Akikosea, uso unageuka njano na kukauka kabla hata mteja hajasahau bei aliyolipa.

Kwa mita 6 kwa 2 ninachotumia ni flexi, turubai la plastiki la kuchapia mabango, ile ya kupitisha mwanga. Roli la upana wa mita 3.2 linatoa uso mzima bila kiungo. Isichanganywe na flexi ya kumulikwa kwa mbele: hiyo ikiwashiwa taa kwa nyuma, rangi zinapauka na nyuzi zake zinaonekana kama wavu. Ivutwe sawasawa pande zote nne, maana ikilegea upepo unaipigapiga hadi inachanika pembeni. Stika za rangi nazo ziwe za kupitisha mwanga. Nyekundu ya kawaida inang'aa vizuri mchana, na usiku inakuwa nyeusi tii.

Sasa taa. Bango zuri halipimwi kwa ukali wa mwanga, linapimwa kwa usawa wake. Kama kina cha boksi ni sentimita 15, moduli za LED (vitaa vidogo vilivyoungwa kwa waya kama shanga) zisiachane zaidi ya sentimita 15, la sivyo utahesabu madoa meupe kutoka ng'ambo ya barabara. Wateja wengi hutaka boksi jembamba kwa sababu linapendeza, kisha wanashangaa bei ya taa inapopanda. Kwenye bango letu, kwa nafasi ya sentimita 15, ni kama moduli 520, na zikiwa za wati 1 kila moja ni wati 520. Giza la Dar hudumu karibu saa 12 kila usiku mwaka mzima, kwa hiyo, pamoja na umeme unaopotea njiani, ni kama uniti 7 za LUKU kwa usiku mmoja. Kwa tyubu za zamani na choki zake (vifaa vya kuziwashia) ungekaribia mara mbili ya hapo.

Pawa saplai, kifaa kinachogeuza umeme wa kawaida kuwa volti 12 za taa, siipi zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo hapa zinahitajika mbili za wati 350. Wati 520 kwenye volti 12 ni ampea 43 hivi, na hapo urefu wa waya unaanza kuwa adui. Pima mnyororo mrefu wa moduli kwa mita ya volti: mwanzoni inasoma 12, mwishoni 10 na kitu, na kona hiyo ya bango imefifia. Mteja atalaumu taa, kumbe ni waya. Gawa minyororo iwe mifupi, kila mmoja upate waya wake mnene kutoka kwenye pawa saplai.

Matundu ya kutolea maji chini ya boksi ni lazima, na kila tundu lizibwe kwa wavu wa mbu. Masika ikianza, kumbikumbi hufuata mwanga, wanaingia na kufia humo, na baada ya wiki chache uso una mstari mweusi chini kabisa. Mijusi nao huwafuata. Pawa saplai nazifunga nje ya boksi, kwenye kisanduku chake kisichoingiza maji, mahali ngazi ya kawaida inapofika, kwa sababu hizo mara nyingi ndizo zinazotangulia kufa.