Ulanzi, Sigara na Hesabu ya Madhara
Iringa na Njombe, mvua zinapofika na mianzi ikaanza kugemwa, husikika hoja ya miaka mingi kwamba sigara ndiyo yenye sumu, ilhali ulanzi, kwa kuwa ni utomvu wa mmea uliochacha wenyewe ndani ya mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia utomvu), hauna madhara. Ni kweli kwamba tumbaku huua zaidi: Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na vya pombe takribani milioni 2.6 kwa mwaka 2019. Sehemu ya pili ya hoja haina msingi. Kilevi cha ulanzi ni ethanoli ileile iliyomo katika bia, ambayo mwili huigeuza kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli. Tena, mwaka 1988 pombe ya kila aina iliwekwa katika kundi moja na moshi wa tumbaku, la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani (kundi hilo, ieleweke, hupima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari). Anayevuta huku akinywa, kama ilivyo kawaida vilabuni, ndiye aliye pabaya zaidi, kwani pombe huzisaidia kemikali za moshi kupenya utando wa kinywa na koo, na hatari ya saratani ya sehemu hizo huzidishwa, haijumlishwi tu.