Wamisionari vijana hawalipwi mshahara

Hapa Lubumbashi, Kongo, kuanzia mtaa wa Katuba hadi wa Ruashi, wakipita wale vijana wawili wawili wenye shati jeupe na beji nyeusi kifuani, utasikia: "Hao wanalipwa dola." Si kweli, na inaniuma, maana inawafungia milango.

Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mvulana hutumika miaka 2, msichana miezi 18, bila mshahara. Wao na familia zao ndio huchangia. Tangu Julai 2020, kwa kijana wa Marekani mchango ni dola 500 kwa mwezi, awe ametumwa Lubumbashi au Tokyo. Fedha huwekwa pamoja, naye hupewa posho ya chakula na usafiri. Asiye na uwezo husaidiwa. Nchi ya kwenda hachagui yeye.

Wengi wa ng'ambo hufika na Kifaransa cha darasani; Kiswahili wanakiokota uani kwetu. Nimemwona mmoja akimega bukari (ugali) ya moto, vidole vinamuungua, huku mama mwenye nyumba akimsogezea sombe, mboga ya majani ya muhogo: "Kula, mtoto wangu, polepole." Siku moja kwa juma wanafua nguo, wanaenda sokoni, wanawapigia wazazi. Ruhusa hiyo ya kupiga simu kila juma ilikuja 2019. Kabla ya hapo ilikuwa Krismasi na Siku ya Akina Mama tu.

Tena si Wazungu peke yao. Wamo Wakongo wenzetu, waliosimamisha masomo au kazi ili watumike.