Je, wajua kwa nini ni rahisi kudhani Lamu iko kaskazini kuliko Nairobi?

Ukimuuliza mtu ni mji upi ulio kaskazini zaidi kati ya Lamu na Nairobi, huenda akajibu Lamu bila kusita, kwa kuwa Lamu inajulikana kuwa ncha ya kaskazini ya pwani ya Kenya, jirani na mpaka wa Somalia. Ramani inasema vingine: Lamu iko takriban nyuzi 2 na dakika 16 kusini mwa ikweta, ilhali Nairobi iko uzi 1 na dakika 17 tu.

Kosa hili halitokani na ujinga. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, Albert Stevens na Patty Coupe, walionyesha kwamba mara nyingi mtu huuweka mji ndani ya jimbo lake, kisha hukisia upande kwa kufuata majimbo yalivyokaa. Ndiyo maana waliohojiwa walidhani San Diego, mji wa jimbo la California, iko magharibi ya Reno, mji wa jimbo la Nevada, kwa sababu California iko magharibi ya Nevada, kumbe Reno ndiyo iliyo magharibi zaidi. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Barbara Tversky, alieleza kuwa akili pia hunyoosha kilicholala mshazari. Kwa mtindo huo, aliyeko Malindi hudhani kwa urahisi kwamba Lamu iko kaskazini moja kwa moja, ilhali pwani inapinda na Lamu imeangukia kaskazini mashariki.

Hata ramani ikiwa mkononi, tatizo halijaisha. Simama gatini Lamu ukikikabili kisiwa cha Manda, yaani takriban mashariki, na ramani uishike kaskazini yake ikiwa mbele. Kwenye ramani, kijiji cha Shela kitaonekana upande wa tumbo lako, ilhali kwa hakika kiko mkono wa kulia, mwendo wa kilomita tatu hivi kwa kufuata ufuo. Akili inalazimika kuigeuza picha nzima, na hapo ndipo kulia na kushoto huchanganyika.

Afadhali kuizungusha ramani yenyewe, na kwa Lamu hata dira haihitajiki. Makka iko karibu kaskazini kamili mwa kisiwa, ikisogea magharibi kwa nyuzi zisizofika tatu; kwa hiyo aliyeelekea kibla, yaani upande wa Makka, ameelekea kaskazini. Mgeni na ailaze ramani kiganjani, ukingo wake wa juu ukitazama upande wa mihrabu ya msikiti ulio karibu, ambayo huonyesha kibla, kisha ndipo aitafute Shela.