Je, wajua kuwa seva ya wavuti ni fanksheni tu?

Unapobofya kiungo, kinachosafiri kwenda kwenye seva, yaani programu inayojibu maombi ya kurasa, ni maandishi. Ni maandishi hasa, ya kusomeka kwa macho:

GET /vitabu/7 HTTP/1.1
Host: mfano.com

Mistari miwili, kisha mstari mtupu wa kuonyesha kwamba mwombaji amemaliza. (Matoleo mapya ya HTTP, yaani kanuni za mazungumzo ya wavuti, huyabana maneno hayo katika muundo wa mashine, lakini maana haijabadilika.) Seva nayo hujibu kwa mtindo huo huo: HTTP/1.1 200 OK, maelezo mafupi ya kinachofuata, halafu ukurasa au data yenyewe. Ombi limeingia, jibu limetoka. Aliyekaa darasa la hesabu anakijua kitu cha namna hii. Ni fanksheni: ukiipa 3 inakupa 9, na kesho ukiipa 3 itakupa 9 vilevile, iwe mvua, iwe jua.

Hapo ndipo lugha za kifanksheni, yaani lugha za programu zinazojengwa kwa fanksheni za namna hii, kama Haskell, Clojure, Erlang, Elixir na F#, zinapopata mlango wa kuingilia. Zimesemwa sana kuwa ni lugha za maprofesa, na chimbuko lake ni huko kweli: kalkulasi ya lamda, namna ya kuandika hesabu zote kwa fanksheni tu, ya Alonzo Church, mwanahisabati wa Marekani, ya miaka ya 1930, wakati kompyuta tunazozijua hazijakuwepo. Lugha ya Lisp ya John McCarthy ilianza mwaka 1958. Wavuti ilipokuja miongo mitatu baadaye, ilikuja na umbo ambalo lugha hizo zilikwisha kulizoea.

Tena umbo hilo halikuwa la bahati mbaya. HTTP aliyoibuni Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, ni itifaki isiyo na kumbukumbu: ombi la pili halijui kwamba kulikuwa na la kwanza. Wakati watu walipotaka tovuti ziwakumbuke wateja, Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari, alibuni kuki mwaka 1994, na ujanja wake unafurahisha ukiutazama vizuri. Seva haikufundishwa kukumbuka. Inamkabidhi mgeni kikaratasi, naye analazimika kukirudisha kila anapouliza jambo. Kumbukumbu inaingia ikiwa imo ndani ya ombi lenyewe, na fanksheni inabaki fanksheni.

Matatizo huanza pale mwandishi wa programu anapolisahau umbo hili na kuanza kuweka vitu pembeni. Kuna kosa moja maarufu, ambalo nami nimelifanya. Unatengeneza kisanduku kimoja ndani ya programu, unakiita mtumiaji_wa_sasa. Ombi likifika unamtambua mwenye ombi, unaliweka jina lake kisandukuni, na sehemu nyingine zote za programu zinachungulia humo kujua zinamhudumia nani. Kwenye kompyuta yako mambo ni shwari, maana unajaribu peke yako. Ukiiweka hewani, maombi mawili yanafika pamoja. La kwanza linaandika Asha, kisha linakwenda kusubiri hifadhidata. Kabla halijarudi, la pili linaandika Juma juu yake. La kwanza linarudi, linachungulia, linamkuta Juma, na Asha anafunguliwa ukurasa wa Juma. Hakuna ujumbe wa hitilafu popote. Ukijaribu tena peke yako, kila kitu kiko sawa. Mimi lilinichukua siku mbili kulikamata.

Kwenye lugha ya kifanksheni, kisanduku cha hivyo hakijitengenezi kwa bahati mbaya. Thamani ikishapewa jina haibadiliki tena. Jina la mtumiaji linapitishwa mkono kwa mkono, kutoka fanksheni hadi fanksheni, na kila ombi lina lake. Inachosha kuandika, hasa siku za mwanzo. Lakini Asha hawezi kugeuka Juma katikati ya safari.

Kujaribu nako kunakuwa rahisi hadi mtu anashuku kuna kitu amekisahau. Katika Clojure, kwa mfano, mfumo uitwao Ring unalichukulia ombi kuwa data ya kawaida, na jibu hivyo hivyo. Jibu zima la seva linaweza kuwa hili tu:

{:status 200 :headers {} :body "Habari"}

Ukitaka kujua kama seva yako iko sawa, huhitaji kuiwasha wala kufungua kivinjari. Unaiita fanksheni, unaipa ombi la kubuni, unaangalia ilichorudisha. Hata saa inaweza kuingizwa kama sehemu ya swali, ukajaribu mchana jambo linalopaswa kutokea usiku wa manane.

Kwenye lugha zenye aina kali, yaani zinazokagua kabla ya programu kuanza kama kila thamani ni ya aina inayotakiwa, kama Haskell na F#, kuna zawadi nyingine, na binafsi ndiyo iliyonivuta. Chukua fanksheni ya kutafuta kitabu kwa namba yake. Katika lugha nyingi, kitabu kisipokuwepo unarudishiwa utupu uliovaa nguo za kitabu, na programu inaanguka pale utakapojaribu kusoma jina la mwandishi wake. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza aliyeuingiza utupu huo (null) katika lugha ya programu mwaka 1965, baadaye aliuita kosa lake la dola bilioni moja. Haskell ina aina ya Maybe, neno ambalo kwa Kiswahili chetu ni labda, basi tuandike hivi:

tafuta : Namba → Labda Kitabu

Soma kwa sauti: nipe namba, nitakupa labda kitabu. Sasa huwezi kulitumia hilo "labda" kana kwamba ni kitabu. Kompaila, programu inayoukagua msimbo wako na kuugeuza kuwa wa mashine, inasimama mlangoni na kuuliza: na kisipokuwepo? Unalazimika kujibu, na jibu la kawaida kwenye wavuti ni 404, namba ya kusema "hakipatikani". Kwa hiyo 404 haiji kama ajali; aina yenyewe imekuelekeza uiandike. Maktaba ya Servant ya Haskell inakwenda mbali zaidi. API nzima, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuongea na seva, pamoja na njia zake, vinavyoingia na vinavyotoka, inaelezwa kama aina moja. Kutokana na maelezo hayo hayo unapata seva, programu ya upande wa mteja, na hati za matumizi. Ukibadilisha namba ya kitabu kuwa maandishi na kusahau sehemu moja ya msimbo, kompaila inagoma. Ujumbe wake wa kugoma, nakubali, unaweza kujaza kioo kizima.

Swali ambalo msomaji makini anapaswa kuwa nalo kufikia hapa ni hili: kama hakuna kinachobadilika, idadi ya waliosoma ukurasa inahesabiwaje? Seva isiyobadilisha chochote duniani ni kikokotoo tu. Ukweli ni kwamba mabadiliko hayafutwi, yanahamishwa na kuwekewa uzio. Mengi yanakwenda kwenye hifadhidata, ambayo kazi yake hasa ni kupanga foleni ya wanaotaka kubadilisha kitu kimoja. Haskell hutia alama kila fanksheni inayogusa ulimwengu wa nje, hivyo unajua kwa kusoma aina yake tu kama ina uwezo wa kuandika diskini.

Erlang ilichagua njia nyingine. Ilianza mwaka 1986 huko Ericsson, Uswidi, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, kwa ajili ya mitambo ya simu. Programu yake ni kundi la michakato midogo sana, kila mmoja na hali yake ya ndani isiyoguswa na mwingine. Wanasemezana kwa kutumiana ujumbe. Anayetaka kuongeza hesabu anatuma ujumbe "ongeza moja" kwa mchakato wenye hesabu, nao unasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mchakato ukiharibika unaachwa ufe, msimamizi wake anaanzisha mpya, na simu za watu wengine haziguswi. WhatsApp ilijengwa juu ya Erlang, na mwaka 2012 ilieleza kwamba seva yake moja ilibeba zaidi ya miunganisho milioni 2 kwa wakati mmoja.

Kuhusu mambo kama kukagua nywila au kuandika kumbukumbu za maombi, sitakawia. Unaandika fanksheni inayopokea seva na kurudisha seva nyingine iliyovishwa ukaguzi. Unaweza kuvisha nguo juu ya nguo utakavyo, ilimradi uangalie mpangilio.

Je, basi kila mtu ahamie huko? La. Wanaozijua lugha hizi ni wachache, na maktaba unayoihitaji leo huenda ipo kwenye Python tu. Haskell huahirisha hesabu mpaka jibu lihitajike, na seva inayokaa hewani wiki nzima inaweza kurundika hesabu zilizoahirishwa mpaka nafasi ya RAM iishe. Viaweb, huduma ya kujengea maduka ya mtandaoni ambayo Paul Graham na Robert Morris waliianzisha mwaka 1995 kwa kutumia Lisp, iliuzwa kwa Yahoo mwaka 1998. Baadaye Yahoo wenyewe wakaiandika upya kwa C++ na Perl. Na kuna kichekesho cha PHP, lugha inayodharauliwa na wengi: kwa kawaida yake kila ombi huanza na programu safi na mwisho wake kila kitu hutupwa. Bila kujinadi, imekuwa ikiishi karibu kabisa na wazo hili.

Hata Haskell yenyewe, kama ni kusema kweli, haikuweza kubaki na mshale mmoja kutoka ombi hadi jibu. Kiolesura chake cha seva, WAI, tangu toleo la 3 kinaipa fanksheni yako vitu viwili: ombi, na fanksheni nyingine ya kutumia kulituma jibu. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kama jibu linasomwa kutoka kwenye faili, lazima awepo mtu wa kulifunga faili hilo baada ya baiti ya mwisho kuondoka. Fanksheni iliyokwisha kurudisha jibu lake haipo tena pale kufunga chochote.